Santuri za marehemu baba: kila mtoto achukue moja, na mimi nachagua wa mwisho

Mwana wa Gadi (Tanga)

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, habari zenu.

Baba yetu ametangulia mbele ya haki mwaka huu, arobaini tumeshasoma, sasa tumefika kwenye vitu. Nyumba ni ya mama, hiyo haina mjadala. Shamba la Muheza wakubwa wamelimaliza wenyewe. Kinachosumbua ni kasha la santuri. Ni kasha la mbao lililokuwa la majani ya chai, maandishi ya kiwanda bado yapo ubavuni. Ndani mna sahani kama mia mbili hivi. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, kubwa ni chache, na chini kabisa, zimefungwa kanga, kuna zile nzito za mizunguko 78 alizoachiwa na mama yake.

Mnunuzi amepatikana, anatoka Nairobi, anazitaka zote kwa mkupuo. Mama amesema ziuzwe, paa la jikoni linavuja na santuri haizibi paa. Ila ameweka sharti: kabla mnunuzi hajafika, kila mtoto achague moja ya kumkumbuka baba yake. Moja tu, na asichukue kwa ajili ya mwenzie. Tuko wanne, tunachagua kwa umri, na mimi ndiye kitinda mimba. Kwa hiyo nitaokota watakachoacha wenzangu.

Sasa mimi si mtu wa muziki. Nafundisha hesabu. Baba alikuwa gadi wa treni enzi za Reli ya Afrika Mashariki: anaondoka Tanga, Korogwe, Mombo, Same mpaka Moshi, na mara nyingine anapangiwa njia ya Kahe kutokea Voi hadi Mombasa. Hizo za Mombasa alizipenda kuliko mshahara, maana ndiko posho yake ilikokuwa ikiishia, dukani kwa Assanand, muuza santuri. Nusu ya kasha lina nembo ya Mzuri, ambayo ilikuwa yao. Vijana huenda hawajui: Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi za Dar na Morogoro zilikuwa zinarekodi kanda pale Redio Tanzania, lakini ukitaka sahani ya kushika mkononi, ilitoka Nairobi. Jumuiya ikavunjika 1977, mpaka na Kenya ukafungwa, baba akabaki na reli ya ndani. Hapo kasha likaacha kujaa.

Zinazonitia mawazo ni hizi.

Kuna Siti binti Saad, ya HMV, ile yenye picha ya mbwa mbele ya gramafoni. Ina ufa unaoanzia ukingoni. Bibi alikuwa haruhusu mtoto aisogelee. Kwake ilikuwa jambo la heshima kwamba mwanamke wa Fumba, aliyekuwa akitembeza vyungu mjini Unguja, alipanda meli 1928 kwenda Bombay kuingiza sauti yake kwenye sahani. Kaka ameshaitupia jicho.

Kuna Salum Abdallah na Cuban Marimba. Baba akiiweka hiyo, anayetaka kuongea atoke nje.

Kuna "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, ambayo nadhani kila nyumba Tanga ilikuwa nayo.

Kuna moja inayonichanganya. Les Wanyika, "Sina Makosa". Hiyo imetoka mwishoni mwa miaka ya 70, mpaka umeshafungwa, baba havuki tena. Imefikaje kwenye kasha? Nimeikuta ndani ya bahasha ya Nuta Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, si ya kwake. Na kwenye lebo pameandikwa jina la mwanamke kwa kalamu ya wino. Si jina la mama. Sitaliandika hapa, na wimbo wenyewe ni wa wanaume wawili wanaogombana kwa ajili ya mwanamke ambaye si wa yeyote kati yao, kwa hiyo mtaelewa kwa nini dada zangu walinyamaza walipoiona.

Halafu kuna fungu la taarabu, Black Star na Lucky Star za hapahapa Tanga. Hizo tunajua ni za mama. Baba alikuwa na msemo wake, "taarabu ya kukaa, dansi ya kusimama," na yeye alijihesabu mtu wa kusimama.

Mwenye uzoefu anisaidie. Mtu asiyejua muziki anachaguaje santuri moja ya baba yake?

Mdau wa Msondo (Dar es Salaam)

Marahaba. Pole kwa msiba, Mungu amrehemu mzee.

Jibu langu ni fupi: Salum Abdallah. Watu wanaanza hadithi ya muziki wa Morogoro kwa Mbaraka, lakini kabla ya Mbaraka mji ule ulikuwa wa Salum. Alikufa kwa ajali ya gari 1965, mapema mno, kwa hiyo kila sahani yake ni ya thamani. Mbaraka nampenda, naye ajali ilimchukua, Mombasa, Januari 1979, lakini "Shida" utaisikia hata kwenye daladala. Kama dada yako ameichukua Salum, mbembeleze. Mpe Shamba la Muheza.

Kijana wa Bonde

Uzeni zote mnunue spika ya blutuz. Nyimbo zote hizo zipo mtandaoni.

Mdau wa Msondo (Dar es Salaam)

Kijana, kaa pembeni, watu wazima wanazungumza.

Rekodi River Road (Nairobi)

Pole sana kwa familia. Mimi niko Nairobi na nimekuwa nikinunua hizi rekodi kwa vibanda vya Kenyatta Market miaka mingi. Wacha nikwambie ukweli bila kukuficha: Sina Makosa huku imejaa, kila kibanda iko, na ikiwa na mikwaruzo hakuna mtu atakupa pesa ya maana. Pesa iko kwa ile ya Siti hata kama ina ufa, na kwa bendi ndogo ndogo zenye ziliuza nakala chache halafu zikapotea. Huyo mnunuzi wenu anajua hivyo. Akisema anachukua kwa mkupuo, anamaanisha analipia zile mia za kawaida na kumi za maana anapata bure. Mwambie azipange mbele yenu kwanza, moja moja.

Na hilo jina la mwanamke lisikunyime usingizi. Nusu ya rekodi zangu zina majina ya watu kwa biro, zingine mihuri ya baa. Watu walikuwa wanaazimana wakati wa sherehe. Usipoandika jina, asubuhi rekodi ni ya mwenye nyumba.

Mwana Kisauni (Mombasa)

Assalaam aleikum ndugu yangu. Allah amrehemu baba.

Mimi nakuomba hiyo ya Wanyika usiidharau, hata kama yule wa Nairobi anasema imejaa. Huko imejaa. Kwenu haikujaa. Fikiri: Wilson na George Peter Kinyonga ni vijana wa Tanga, walipigia Jamhuri Jazz hapo hapo kwenu, wakaenda Arusha, kisha 1971 wakaingia Nairobi wakawa Simba Wanyika. Les Wanyika ni waliochomoka humo 1978, na John Ngereza aliyeimba naye Mtanzania. Mpaka ukifungwa, wimbo wa vijana wenu ukawa uko ng'ambo ya Lunga Lunga. Mtu wa Tanga autake kwenye sahani, aupate kwa magendo!

Nayajua haya kwa sababu nimekulia Vanga, huku pwani ya Kenya karibu na mpaka. Usiku mashua zilikuwa zikitoka na sabuni, mafuta ya kupikia, betri, khanga, zikielekea upande wenu, na vyengine vikirudi. Santuri haikuwa biashara, lakini katoni ya sabuni ina nafasi ya kitu bapa chini yake. Muulize mama habari za sabuni, usimuulize habari za mwanamke.

Fundi Sindano (Gerezani, Dar)

Nimesoma yote. Mnamshauri kwa majina ya waimbaji, wakati yeye anatafuta ya baba yake. Hayo ni mambo mawili.

Mwalimu, fanya hivi. Subiri usiku, chukua tochi, shika santuri pembeni, iinamishe mwanga upite juu yake kwa mshazari. Sahani ambayo haikupigwa sana inang'aa nyeusi. Iliyopigwa mno inakuwa ya kijivu, na ukijivu unakaa palepale wimbo ulipo, si kwenye ukingo. Zile mashine za zamani mkono wake ulikuwa mzito na watu walikuwa hawabadilishi sindano mpaka iwe butu, kwa hiyo kila ukipiga unakwangua mfereji kidogo. Mkwaruzo mmoja mrefu haukuambii kitu, huo ni wa mtoto au wa kuanguka. Ukijivu ndio ushahidi.

Tazama pande zote mbili. Wimbo mrefu wa dansi haukuenea upande mmoja wa sahani ndogo, walikuwa wanaukata: upande A hadithi, upande B magitaa yanachemka. Nikiletewa santuri na mteja, nikitazama tu najua mwenyewe alikuwa msikilizaji wa maneno au mchezaji.

Mengine ya kiusalama, maana najua mtaanza kuzisafisha. Hizo ndogo na kubwa ni plastiki, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo vinatosha, lebo isilowe, zikauke zikiwa zimesimama. Za mizunguko 78 ni shelaki. Usiziguse na spiriti kabisa, zinayeyuka. Na usizipige kwa sindano ya sahani za kawaida: mfereji wake ni mpana, sindano nyembamba inazama chini na utasikia mchanga badala ya Siti. Kaka yako aambiwe hilo kabla hajajionyesha kwa wageni.

Mwana wa Gadi (Tanga)

Nimerudi. Ni marefu, mtanivumilia.

Kwanza sabuni. Nilimkuta mama anachambua mchele, nikamwambia tu, "Mama, zamani sabuni mlikuwa mnapata wapi?" Akanitajia lile jina la kwenye lebo bila kusita. Mwenye jina hilo alikuwa akitokea upande wa Horohoro, mpakani, na kikapu, anapita nyumba anazoziamini. Baba akamwagiza santuri. Ikaja. Sabuni ililipwa, santuri ikabaki deni, na yule mama akaandika jina lake kwenye lebo mwenyewe, mbele ya baba, kwamba mpaka imalizwe kulipwa hii ni mali yangu. Nikauliza, ililipwa? Mama akasema, "Jina si bado lipo?"

Na ile bahasha ya Nuta Jazz nayo ina sababu. 1983, walipokuwa wanasakwa wahujumu uchumi, mtaani kwetu watu walitupa sabuni chooni, wengine walizika vitenge. Santuri moja isingemfunga mtu, lakini baba alikuwa mtumishi wa reli na hakutaka kuulizwa ameipata wapi. Akaivalisha nguo ya bendi ya wafanyakazi. Ikakaa humo mpaka mimi nilipoitoa.

Dada mkubwa aliposikia hayo akacheka mpaka akakaa chini, akasema hii ni yake, na deni anarithi pia. Kaka amechukua Siti, kama nilivyojua. Nimempa maneno ya Fundi kuhusu sindano, amesema yeye hataipiga, ataitundika. Dada wa pili kachukua Salum Abdallah, na Mdau asahau habari ya kubembeleza, huyo hata pipi hakuwahi kunigawia.

Nikabaki na tochi yangu.

Nilianza na za dansi kwa sababu ndizo nilizodhani. Mbaraka ana ukijivu wa wastani, pande zote sawa, ndivyo unavyotarajia. Kilwa Jazz, Atomic, Jamhuri, zote zimechezwa kwa adabu. Nyingine zinang'aa utadhani zimetoka dukani leo, nikaona alikuwa mnunuzi kuliko msikilizaji, kitu ambacho mama alikuwa akimwambia siku zote.

Halafu nikagusa fungu la taarabu ili tu nisiache kitu. Lucky Star zinang'aa. Black Star ya kwanza inang'aa. Black Star ya pili upande A ni mweusi safi, nikageuza upande B, ni kijivu kama jivu la mkaa. Hakuna sahani nyingine kwenye kasha inayoikaribia. Nilimulika mara nyingine kwa taa ya simu, rangi ni ileile.

Nikampelekea mama, nikamwambia naona hii uliipenda. Akaishika, akaniangalia. "Mimi? Mimi sijawahi kugusa sindano ile tangu naolewa. Alikuwa hamruhusu mtu. Hizi taarabu ni zake, nilikuwa nazisikia akirudi na treni ya usiku, nyie mmelala."

Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa ikijua kwamba taarabu ni za mama, isipokuwa mama.

Mdau wa Msondo (Dar es Salaam)

Mwalimu, usikimbilie. Je, kama aliinunua imeshachakaa mkononi mwa mtu? Rekodi za mitumba zilikuwepo hata zamani. Huwezi kumvisha mzee wa watu taarabu kwa ushahidi wa tochi.

Mwana wa Gadi (Tanga)

Nimelifikiria hilo. Bahasha yake ina muhuri wa duka, na upande A haujachezwa. Mtu wa mitumba angeupiga upande mmoja tu mpaka uishe, kisha amuuzie baba, na baba asiupige tena? Inawezekana, lakini ningekuwa nasahihisha mtihani nisingempa maksi. Tena mama amesema alizisikia. Ushahidi wa mama unatosha.

Mwana Kisauni (Mombasa)

Mimi hata sishangai, wallahi. Nyinyi mnaposema taarabu mnafikiri Unguja, kundi la Ikhwani Safaa, fidla nyingi, watu wamekaa kwenye viti wanatunza. Black Star wa Tanga hawakuwa hivyo. Walikuwa kundi dogo, wakaingiza gitaa na gitaa la besi, mapigo yakawa mepesi, mtu anaweza kusimama akacheza. Nyimbo zao Mzuri wakazitoa kwenye santuri hapa Mombasa, zikapendwa pwani yote, na sauti ya mwimbaji Shakila ikatoka humo. Mtu aliyezoea Jamhuri Jazz akisikia besi ile hawezi kusema hii si yangu. Baba yako hakuwa na siri. Alikuwa na masikio. Ule msemo wake wa kukaa na kusimama ulikuwa wa barazani, kwa wanaume wenzake.

Wimbo gani lakini? Umetuweka roho juu.

Mwana wa Gadi (Tanga)

Ndipo hapo. Lebo ya upande B imeliwa na mende. Nembo ipo nusu, jina la kundi lipo, jina la wimbo hakuna. Upande A unasomeka vizuri, lakini huo ndio asioupiga.

Na mashine ya baba ninayo, ni Philips ya mfuniko, inazunguka, lakini sindano imelala upande. Sijathubutu.

Fundi Sindano (Gerezani, Dar)

Umefanya vyema, usithubutu. Sindano ya namna hiyo kwenye mfereji uliokwisha kukwanguliwa itamaliza kilichobaki. Chomoa kile kichwa cha mbele ya mkono, kinavutwa tu, hakina skrubu kwa mashine nyingi za aina hiyo, unitumie picha yake upande wa chini. Sindano mbadala zinapatikana, nitakuangalizia dukani kwangu kwanza. Ukiipata mpya, piga mara moja tu na simu iwe inarekodi, ili usirudie rudie. Itakuwa na mvumo mwingi, lakini sauti bado imo. Ukijivu haufuti wimbo, unautia ukungu.

Kingine, geuza upande B chini ya mwanga, utazame ile sehemu tupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Pana namba imechorwa kwa mkono au kupigwa mhuri, kiwandani walikuwa wanaiweka kila sahani. Mende hawali hiyo.

Mwana wa Gadi (Tanga)

Ipo! Nilikuwa nadhani ni mikwaruzo. Herufi na tarakimu, na mwisho wake kuna B. Nakutumia pamoja na picha ya kichwa.

Rekodi River Road (Nairobi)

Hiyo namba nitumie na mimi. Kuna jamaa hapa wenye orodha za Mzuri kwa daftari, wamekuwa wakiandika kila wanachoshika. Ikiwa haiko kwa daftari zao, basi usimwonyeshe huyo mnunuzi kabisa.

Mwana wa Gadi (Tanga)

Nimeshaitoa kwenye kasha. Iko kwenye begi langu la shule, katikati ya madaftari ya Kidato cha Pili.

Mwana Kisauni (Mombasa)

Madaftari yasiilalie. Na ukishapata sindano, hata usipopata jina kwa hiyo namba, nitumie sekunde chache za mwanzo tu. Nina shangazi yangu hapa Kisauni, harusi zote za Tanga miaka ile alikuwa haachi. Akisikia fidla inavyoingia atakutajia wimbo, aliyeutunga, na nani aligombana na nani kwa sababu yake.